Kituruki cha Sol Marijani

Wadogo zangu wa kituo cha polisi cha Masasi,

Mwezi uliopita nilirudisha kofia, mkanda na viatu, na karani akaniandikia barua ya shukrani ambayo jina langu limekosewa. Siku ile mliniomba niwaandikie habari za kazi ya zamani. Habari za vyeo sitaandika, maana vyeo vyangu mnavijua na havikuwa vingi. Za mshahara pia nitaziacha. Aliyeridhika hasemi, na asiyeridhika keshasema vya kutosha. Nitaandika habari za mtu aliyenifundisha kazi, na lugha aliyotufundishia, na jambo nililoambiwa na mwenzenu mmoja siku ile ile ya kuniaga.

Gwarideni ninyi mnasimama kwa Kiingereza. Kabla yenu sisi tulisimama kwa Kidachi, na kabla ya Kidachi tulisimama kwa Kituruki. Najua mtacheka: Kituruki juu ya mlima wa Makonde, mahali ambapo hata Kiswahili kilifika kimechoka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo mnakisema bila kujua. Mnaponiita afande, hicho ni Kituruki. Shaushi na ombasha, vyeo vya baba zenu, ni Kituruki. Korokoroni mnakolala mkilinda, na singe mnayoing'arisha, nayo yametoka huko huko. Ni mifupa iliyobaki kwenye sahani, na mimi ni miongoni mwa watu waliomla samaki.

Niliingia boma la Newala katika miaka ya Wadachi, kabla ya vita vya Maji Maji. Nilikuwa kijana wa Kimakua, mwana wa misheni ya Masasi, najua kusoma na kuandika, na nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa buruji, tarumbeta ya askari. Niliwahi kuisikia ikilia jumbe alipotembelewa na Mdachi, nikaona kwamba mwalimu wangu wa kwaya alikuwa ananipotezea wakati. Nikapanda mlima kwa miguu, siku nzima, nikafika mlangoni mwa boma na kiu ya kufa. Kule juu maji hayapo. Yako bondeni, na kila tone hupanda kichwani kwa mtu. Aliyenipokea alikuwa Sol Marijani.

Sol ndicho kilikuwa cheo cha juu cha askari mweusi pale kwetu. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, Msudani aliyekuja na Wadachi wa kwanza kutoka Misri. Hakuwa na chale wala nembo yoyote usoni, jambo lililowashangaza Wamakonde, maana kwao uso mtupu ni uso wa mtoto. Walimsema kwa siri, wakamwita mzee aliyesahauliwa jandoni. Mbele yake hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Nani amekuleta?" akaniuliza.

"Nimejileta mwenyewe, Afande."

"Basi utajilaumu mwenyewe. Umenipunguzia kazi."

Asubuhi ya pili tukapangwa mstari, kuruta kumi na mmoja, Wayao, Wamakua na Wamakonde. Sol akachora mstari mchangani kwa fimbo, akatuweka visigino juu yake, akaanza. Hazirdur. Rahatdur. Sagadon, kulia. Soladon, kushoto. Arshi, twende. Dur, simama. Ateshi, piga bunduki. Maana hizi nazitia mimi leo; yeye hakutafsiri hata moja. Alisema neno, akafanya yeye, kisha akapiga kwa fimbo mguu ambao haukufanya. Kuruta mmoja wa Kimakonde, mtu wa Kitangari, akauliza kwa adabu hazirdur maana yake nini.

Sol akamwita mbele. "Maana yake ni hii," akasema, akabana visigino hata vumbi likaruka. "Neno la gwaride halina maana, lina mguu. Ukilitafutia maana, mguu utachelewa. Na anayechelewa vitani hazikwi na nduguze."

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yetu, na mpaka leo sijui kama ni hekima au ni msiba. Lakini lilifanya kazi. Baada ya miezi mitatu ungeweza kuniamsha katikati ya ndoto ukaniambia sagadon, nikageuka kulia kabla sijajua mimi ni nani. Kuhesabu tulifundishwa tukiteka maji. Kila alfajiri tulishuka bondeni, tukapanda na mitungi, na Sol nyuma yetu akihesabu hatua: bir, iki, uch, dort. Kisha tena: bir, iki, uch, dort. Wanawake wa Newala waliokuwa wakitucheka mwishowe waliichukua hesabu ile. Wakawa wanapeana zamu kwenye chemchemi kwa Kituruki, bir ni wa kwanza, iki anafuata, na atakayeruka zamu huonyeshwa cha moto. Nilimsikia bibi mmoja akimwambia mkwewe kwamba yeye ni uch na si dort, na asitafute ugomvi. Siamini kwamba Sultani wa Rumu, bwana wa Waturuki, alipata kuijua milki yake hiyo.

Sasa mimi nina ugonjwa wa misheni: neno nisilolijua maana huniwasha. Nilikuwa na daftari, na kila Jumapili mchana nilikwenda kwa Sol kumsaidia kupaka mafuta bunduki, nikimzunguka kwa maswali. Mkewe, Mama Bahati, Myao wa Masasi, alikuwa akitupikia uji wa mtama na kunicheka. Alikuwa mdogo kwa mumewe kwa miaka mingi, na alijivuna kwa ajili yake bila haya. Majirani walipomzungumzia mtu wa pwani aliyejua Kiarabu, yeye alisema, "Kiarabu kila mtu anajua. Baba Bahati anajua Kituruki."

Mwaka wa pili Sol akalegea. Akaanza kunipa maana, moja moja, kwa sauti ya chini. Ninalo daftari hapa mezani ninapoandika. Hazirdur: Mungu anakuona, simama wima. Arshi: nenda, njia haina miiba. Rahatdur: mama ametandika mkeka. Ateshi hakunipa maana yake. Alisema hiyo niache. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri, nikafikiri hao Waturuki ni watu wa namna gani, wanaoamrisha jeshi kwa maneno matamu hivyo.

Kisha vita vikaja. Zilitufikia habari kwamba watu wanatoka upande wa Liwale na dawa ya maji, na kwamba risasi ya Mdachi ikimpata aliyeinywa hugeuka maji. Bomani tulicheka sana. Siku chache baadaye tukasimama ukingoni mwa mlima tukauona moshi upande wa Masasi, nikajua ni misheni inaungua, na ndani yake ubao niliojifunzia kusoma. Wazungu wa misheni walikuwa wamekwisha kimbilia Lindi. Sisi tukateremka.

Tulikutana nao chini ya jabali moja la Masasi, mchana kweupe. Tulikuwa tumepiga goti kwenye mtama tukisubiri, nikawasikia wenzangu wakinong'ona. Sikuwahi kusikia mtu akiomba kwa maneno yale: hazirdur, hazirdur. Yule mtu wa Kitangari alikuwa na hirizi mkononi, na hirizi hiyo niliiandika mimi. Aliniomba nimwandikie neno hilo katika karatasi, akalishona katika ngozi. Alipona siku ile, kwa hiyo hirizi ikapata sifa, na jioni nikawa nimeagizwa nyingine tatu.

Wao walikuja wima. Hawakujificha, hawakuinama, walikuja wakiimba maji. Sol akasubiri, akasubiri mpaka nikaona meno ya mtu wa mbele, ndipo akasema lile neno ambalo hakunipa maana yake. Tukapiga. Mguu haukuchelewa.

Mapigano yalipokwisha nilikwenda kwenye mtama kutafuta bunduki zilizoanguka, nikamkuta Yohana. Tulisoma naye ubao mmoja misheni, tulikula naye sahani moja. Alikuwa na majani ya mtama kichwani na kijibuyu kidogo shingoni, kimepasuka, na maji yake yamemwagika kifuani. Yeye alikuwa amefunga maji shingoni, na nyuma yangu mwenzangu amefunga hazirdur mkononi, na mimi ndiye niliyeiandika. Tulikuwa tumewacheka kwa kuamini kitu wasichokijua, na sisi tulikuwa na chetu. Nikapiga magoti pale nikashindwa kuinuka.

Sol akaja akasimama nyuma yangu. "Kuruta," akasema taratibu. Alikuwa akiniita kuruta mpaka mwisho. "Hazirdur."

Nikasimama. Mguu ulitangulia, machozi yakafuata baadaye.

Vita vilipopoa, na njaa iliyovifuata ilipoanza kupungua, ikaja amri kutoka Lindi. Maneno ya zamani yaachwe, gwaride lote liwe kwa Kidachi. Mkubwa wetu wa Newala, Mdachi mmoja mvuta tumbaku ambaye hakuwa mtu mbaya akiwa ameshiba, aliniita kwa kuwa najua kuandika. Akaniambia anamheshimu Sol kwa kazi ya Masasi, naye anajua Sol hawezi tena kujifunza maneno mapya. Lakini atajaribu kuwaandikia wakubwa wa Lindi kwamba hapa yupo mzee anayejua Kituruki kabisa, na Mturuki ni rafiki wa Mdachi, kwa hiyo inafaa aachwe bomani awe mwalimu. Wakikubali, atabaki. Wakikataa, atatoka nje ya ukuta kama mzee yeyote.

Mama Bahati alipopata habari alinijia pembeni. "Baba Esta," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu, "mimi wakinitoa hapa kwetu napajua, nitateremka Masasi kwa kaka zangu. Yeye kwao wapi? Kwao ni huu mlango wa boma. Msaidie."

Wadogo zangu, majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekwisha kuwa mtu mzima. Nikamsaidia.

Wakati ule kulikuwa na Mgiriki akinunua mpira wa porini na nta upande wa Kitangari, akiitwa Bwana Yani. Nilitumwa na barua kwake, tukakaa tukazungumza, akaniambia amezaliwa Smirna, nchi ya Mturuki, na kwamba nyumbani walisema Kigiriki na sokoni Kituruki. Nikaruka. Nikamtajia maneno yote ya gwaride, naye akafurahi hata akatokwa na machozi. Alisema hajayasikia tangu utotoni, askari walipokuwa wakipita chini ya dirisha lao. Akanipa maana. Hazirdur ni kusimama tayari. Rahatdur ni kusimama kwa kupumzika. Arshi ni nenda, basi. Niliona hazifanani na za daftari langu. Nikajiambia kwamba huyu anajua Kituruki cha sokoni, Sol anajua kile cha ndani. Laiti ningeshtuka siku ile, ningemwokoa mtu. Badala yake nikamwomba Bwana Yani aje Newala Jumamosi, wakati wa gwaride, amsalimie Sol kwa Kituruki mbele ya Mdachi, ili Mdachi asikie kwa masikio yake na kuandika barua yake kwa nguvu. Sol sikumwambia. Nilitaka iwe furaha ya ghafla.

Jumamosi akaja, amevaa koti. Tulikuwa mstarini, Mdachi barazani na kiko chake, wanawake wameshusha mitungi yao nje ya ukuta wanachungulia. Bwana Yani akamwendea Sol amefungua mikono, akasema naye maneno marefu, laini, yenye kupanda na kushuka. Sisi mstarini tulivimba vifua. Hatimaye tungemsikia mzee wetu akijibu.

Sol hakujibu. Bwana Yani akatabasamu, akarudia polepole. Sol akasema, "Evet, afande."

Hilo nililijua, ndiyo bwana. Mgiriki akauliza jingine, na hata asiyejua lugha aliweza kuona kwamba swali lile haliwezi kujibiwa kwa ndiyo.

"Evet, afande," akasema Sol.

Jasho lilikuwa likimtoka chini ya kofia. Nikatazama uso ule usio na alama, nikauona kama uso wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mgiriki naye alikuwa mtu mwema, alitaka kumtoa katika aibu ile, akacheka kidogo, akasema kwa utani, "Hazirdur." Visigino vikalia. "Sagadon." Sol akageuka kulia. "Arshi."

Sol akaenda. Akaenda vizuri, mgongo umenyooka, akavuka uwanja wote. Bwana Yani akaacha kucheka, akabaki kinywa wazi. Nadhani neno la kusimamisha lilimtoka kichwani, au aliogopa. Sol akafika ukutani, na ukuta haukumpa nafasi, akawa anapiga miguu pale pale, uso umekaribia mawe, bir, iki, uch, dort. Mdachi alikuwa amekitoa kiko mdomoni. Mimi ndimi niliyesema, "Dur," na mwalimu wangu akasimama.

Hiyo ndiyo amri pekee niliyopata kumpa, na sijapata kuisema tena kwa mtu.

Mdachi aliingia ndani, na ile barua haikuandikwa. Wiki iliyofuata nikapewa mimi kuwafundisha askari maneno ya Kidachi, nami nikayafundisha, na baada ya mvua moja Kituruki kilikuwa kimekwisha bomani. Watu walikiacha kwa haraka kuliko nilivyotegemea. Hirizi zile tatu nilizikuta zimetupwa nyuma ya ghala.

Sol na Mama Bahati wakahamia nyumba ya udongo nje ya ukuta. Nilikaa siku nyingi nikiogopa kwenda. Nilipokwenda nilimkuta amekaa mchana juani, anapaka mafuta fimbo yake, maana bunduki ilikuwa imebaki bomani. Nikapiga magoti nikamwomba radhi.

"Inuka, kuruta. Umenipunguzia kazi," akasema. "Miaka mingi nilikuwa nikiogopa atatokea mtu kama yule. Sasa amekwisha tokea."

Nikamuuliza ile lugha aliijulia wapi, basi. Akanieleza bila kunitazama. Alitekwa mdogo sana, akapelekwa Misri, akawekwa katika nyumba ya askari, na akafundishwa maneno yale kama alivyotufundisha sisi: neno, kisha fimbo. Hakuna aliyempa maana, na aliyeuliza alipigwa. Wenzake waliotekwa wakubwa walikuwa na alama za kwao usoni. Usiku wa kiu waliweza kutazamana wakajuana. Yeye hakufikia umri wa kuchorwa. Kituruki hakukijua kamwe. Kiarabu alikiokota, na Kiswahili alikiokota, na lugha ya mama yake ikampotea njiani, hajui siku gani.

"Na maana ulizonipa?" nikauliza.

"Nilikuwa nikizitunga kila Jumamosi," akasema. "Ulikuwa unapenda kuandika."

Nilikuwa na tabia ya kuwaambia watu ile methali, mwacha asili ni mtumwa. Sijaisema tena tangu mchana ule. Nilikuwa nimemwona mtu ambaye asili yake ndiyo iliyoachwa njiani naye akaburutwa mbele.

Kisha akaniambia kwamba analo neno moja. Katika lugha ile ya kwanza, limebaki neno moja tu. Anakumbuka mto, na vumbi la farasi, na mama yake ng'ambo ya vumbi, anamwita kwa neno hilo, mara nyingi, kwa sauti yote. "Ring'," akasema Sol, na sauti yake ikawa ya mtu nisiyemjua. "Ndilo jina langu, lazima. Mama humwita mwanawe nini siku ya hatari kama si jina lake? Mimi nikasimama nikamtazama. Mtu akiitwa na mama yake husimama."

Akaniomba jambo moja. Siku akifa asiitwe Marijani, maana Marijani ni jina alilopewa na mfanyabiashara, jina la dukani. Anataka aitwe alivyomwita mama yake. Nikaliandika katika daftari chini ya yote mengine, nikaongeza irabu mwishoni kama ndimi zetu zinavyotaka: Ring'i, jina la Sol.

Hakumaliza mwaka. Mwalimu wa msikiti alisita kidogo nilipomweleza, lakini Mama Bahati akasimama mlangoni akasema mumewe hazikwi kwa jina la duka. Mwalimu akakubali. Jina la mama hatukulijua, akamnasibisha na Hawa, kama inavyofanywa. Kaburi lilipofunikwa, akasoma talkini, akamwita maiti mara tatu: Ewe Ring'i mwana wa Hawa. Mimi Mkristo nilisimama nyuma ya wenye kuitikia, nikaona kwamba angalau hilo moja nimelifanya sawasawa. Nikachonga ubao wa mninga, nikaandika jina hilo peke yake, nikausimika kichwani.

Mengine mnayajua au mtaambiwa na wengine. Vikaja vita vikubwa, Wadachi wakaondoka, nikajifunza kusimama kwa Kiingereza, nikawafundisha ninyi. Sasa nifike siku ile ya kuniaga. Mtakumbuka tulikaa nyuma ya ofisi na chai, mkaniuliza mwalimu wangu wa kwanza alikuwa nani, nikawasimulia kidogo, nikacheka kidogo, nikamaliza kwa jina lake la kweli. Wengi wenu mlicheka pia. Otieno, konstebo wenu aliyehamishwa kutoka Shirati, alikuwa ameweka kikombe chini.

Ninyi mlipoondoka alinifuata hadi njiani. "Shikamoo mzee," akasema, ingawa tulikuwa tumeamkiana asubuhi. "Lile neno. Kwetu Kijaluo lipo, na nasikia kwa wenzetu wa Sudani lipo vile vile."

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikamshika mkono. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimuuliza kila mgeni wa kaskazini. "Ni jina la watu wakubwa?" nikauliza.

"Si jina, mzee." Akasita, nikaona hataki. "Ni neno ambalo mama humwambia mtoto akiona nyoka. Au moto. Ni kusema kimbia."

Nadhani sikumwambia hata kwaheri, naomba mniombee radhi kwake. Nilikwenda nyumbani nikaketi kitandani, na kila nilipofumba macho nilimwona mtoto amesimama wima, anamtazama mama yake.

Wiki iliyopita nikapanda Newala, na kisu mfukoni. Nilikuwa nimekusudia kulikwangua lile neno katika ubao. Pale chemchemini nilipumzika, wasichana walikuwa wakipeana zamu, moja, mbili, tatu, nne, kama wanavyofundishwa shule. Nikamuuliza mmoja kama anajua bir na iki. Akanitazama kwa huruma akaniambia, "Babu, kunywa maji kwanza."

Mama Bahati bado yupo, haoni vizuri. "Shikamoo, Mama Bahati," nikasema mlangoni.

"Marahaba, Baba Esta. Umefiwa na nani?"

Alikuwa ameisikia sauti. Tukaenda wote kaburini, nimemshika mkono. Ubao umeliwa upande mmoja na mchwa, lakini herufi zinasomeka. Nikamwambia yote, neno lile ni nini na sisi tulilifanyia nini; tuliliandika kichwani pake, tukamwita nalo mbele ya watu, mzee wa watu, kana kwamba tunamfukuza. Nikamwambia nimekuja kulifuta.

Akaupapasa ubao kwa vidole, herufi moja moja, ingawa hakujifunza kusoma.

"Mwalimu alimwita mara ngapi siku ile ya maziko?" akauliza.

"Mara tatu."

"Basi liache," akasema. "Huenda safari hii alisikia."

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani, na kisu sikukitoa.